Mbavu za mbuzi: papai bichi lina kiasi chake

Mbavu za mbuzi mkubwa ni ngumu, na ndimu peke yake haifui dafu. Papai bichi ndilo linalolainisha, kwa sababu utomvu wake una papaini, kimeng'enya kinachovunja protini za nyama. Ila usimwage tu! Kijiko 1 kikubwa cha papai lililosagwa kwa kilo 1, saa 2 hivi, basi. Ukizidisha, nyama inakuwa kama uji na haina ladha. Ukitaka kuzilaza usiku kucha kwenye friji, tumia chumvi, saumu na mtindi. Papai lingoje kesho yake.

Kabla ya viungo, toa ule utando upande wa ndani wa mbavu: ushike kwa kitambaa kikavu, uvute. Wauza nyama wengi hawautoi, na ukiiva unakuwa kama mpira.

Jikoni, subiri makaa yashike majivu meupe, yasogeze upande mmoja, mbavu ziwe upande wa pili, zifunike kwa sufuria. Saa 1 na nusu hivi, ukizigeuza. Rojo la ukwaju na sukari paka dakika 10 za mwisho tu, maana sukari huungua upesi ikawa chungu.