Namna ya Kuusikiliza Muziki wa Max Richter kwa Mara ya Kwanza

Msikilizaji mgeni wa Max Richter, mtunzi wa muziki wa Uingereza, hushawishika kuanza na Memoryhouse ya mwaka 2002, albamu yake ya kwanza, kisha kufuata nyingine kwa mpangilio wa miaka. Mimi napendekeza aanze katikati, na albamu ya Recomposed ya mwaka 2012, kwa kuwa humo kuna kipimo cha kulinganishia: muziki wa Vivaldi, mtunzi wa Italia wa karne ya 18, ambao Richter aliufumua na kuushona upya.

Sikiliza kwanza The Four Seasons ya Vivaldi, pale mwanzoni fidla tatu zinapojibizana mithili ya ndege, kisha weka “Spring 1” ya Richter. Ndege ni wale wale, ila safari hii hawanyamazi kuipisha okestra irudie kiitikio chake. Milio yao inazungushwa na kupandana, huku noti nzito zikisogea taratibu chini yake. Rudia kipande hicho, na mara hii uziache fidla ziende zake, ufuate noti za chini peke yake. Richter anapiga sinthesaiza ya Moog, yaani kinanda cha elektroniki, katika albamu hiyo, na asiyetumia spika nzuri au hedifoni hataisikia vyema, maana spika ya simu huimeza sauti ya besi.

Ukishaizoea mbinu hiyo, ndipo historia yake itakapokufaa. Richter alizaliwa Hameln, Ujerumani, mwaka 1966, akakulia Uingereza, akasomea utunzi Edinburgh na London, kisha kwa mtunzi Luciano Berio kule Florence, Italia. Shule yake nyingine, ambayo kwa maoni yangu ilimwathiri zaidi, ilikuwa kundi la Piano Circus, ambamo wapiga piano sita walirudiarudia vifungu vifupi vilivyobadilika kidogo kidogo. Baadaye alishirikiana na kundi la Future Sound of London katika albamu ya Dead Cities ya mwaka 1996, na huko akazama katika muziki wa elektroniki.

Sasa rudi kwenye albamu ya The Blue Notebooks ya mwaka 2004, ambamo mwigizaji Tilda Swinton anasoma maandishi ya mwandishi Franz Kafka na mlio wa taipureta unasikika. Katika “On the Nature of Daylight” hesabu mizunguko: msingi haubadiliki, bali kila baada ya muda fidla huongezeka juu yake. Ikiwa tayari unaifahamu kutoka filamu ya Arrival, jaribu kuisahau picha ile, jambo ambalo si rahisi.

Sleep ya mwaka 2015 iache mwisho. Ina urefu wa zaidi ya saa nane, na ilipopigwa London usiku kucha, wasikilizaji walilazwa vitandani. Iwashe kwa sauti ya chini unapopanda kitandani, na ukishtuka usiku wa manane usihangaike kujua imefika wapi. Anayetaka kuisikiliza akiwa macho achukue From Sleep, toleo la saa moja lililotengwa kwa ajili hiyo.