Namna ya Kuandika Historia ya Maandamano ya Fahari ya Jiji: Mfano wa Johannesburg

Anayekusudia kuandika historia ya maandamano ya kila mwaka ya Fahari (Pride), yanayoandaliwa na watu wa LGBTQ, yaani mashoga, wasagaji na wengine wenye mwelekeo au utambulisho wa kijinsia tofauti na wa wengi, huvutwa kuanza na mwaka wa kwanza na kuteremka mwaka hadi mwaka, na mwishowe hubaki na kalenda. Shauri langu ni kuanza na njia: msafara ulianzia wapi, ulipita mitaa gani, na ulihamishwa lini. Johannesburg ni mfano mzuri, kwa kuwa maandamano yake ya tarehe 13 Oktoba 1990, ya kwanza ya aina hiyo Afrika Kusini, yalianzia Braamfontein na kupita Hillbrow, mtaa ambao watu wa rangi mbalimbali walikuwa wamekwisha kuishi pamoja wakati sheria ya kutenga makazi kwa rangi ilikuwa bado haijafutwa. Mwandishi asiyeieleza Hillbrow ya wakati huo hataweza kueleza kwa nini watu walipita pale.

Baada ya njia, tafuta walioitisha maandamano na uulize walikuwa wakipigania nini kingine. Waandaaji wa 1990 walikuwa GLOW, chama cha mashoga na wasagaji wa Witwatersrand, eneo la Johannesburg na kandokando yake, na miongoni mwa viongozi wake walikuwapo Simon Nkoli na Beverley Ditsie. Nkoli alikamatwa mwaka 1984 kwa harakati zake dhidi ya ubaguzi wa rangi, akashtakiwa katika kesi ya uhaini ya Delmas, akawaeleza washtakiwa wenzake kwamba yeye ni shoga, na aliachiwa huru mwaka 1988. Siku ya maandamano aliuambia umati kwamba hawezi kuutenganisha weusi wake na ushoga wake, wala kuyapanga mapambano hayo mawili, moja mbele na jingine nyuma. Kauli hiyo iwekwe mapema katika maandishi yako, maana ugomvi uliokuja baadaye hausomeki bila hiyo.

Kwa nyaraka, nenda GALA, hifadhi ya nyaraka za watu wa LGBTQ iliyoanzishwa mwaka 1997 na inayopatikana katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambako karatasi za Nkoli mwenyewe zimetunzwa. Soma vipeperushi, mihtasari ya vikao na picha kabla ya kusoma magazeti. Hesabu ya watu iandikwe kwa tahadhari: kwa mwaka 1990 hutajwa takriban watu 800, lakini popote waandaaji, polisi na waandishi wa habari wanapotofautiana, taja aliyehesabu. Utaona pia picha za waandamanaji waliofunika nyuso kwa mifuko ya karatasi, ambayo waandaaji waliitoa kwa walioogopa kutambuliwa na waajiri au jamaa zao. Usiwavue mifuko hiyo leo kwa kuwataja majina. Kama mhusika yu hai, omba idhini yake.

Sheria zinahitaji nafasi ndogo kuliko wengi wanavyozipa. Inatosha kueleza kwamba katiba ya mpito iliyoanza kutumika mwaka 1994 ilikataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kijinsia, kwamba katiba ya 1996 iliuendeleza ulinzi huo, na kwamba ndoa za jinsia moja ziliruhusiwa mwaka 2006. Usidai kwamba maandamano peke yake ndiyo yaliyoleta hayo. Edwin Cameron, aliyehutubia mwaka 1990 na baadaye kuwa jaji wa Mahakama ya Katiba, alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa hoja za kisheria.

Pale penye mfarakano, usiharakishe. Katika miaka ya 2000 sherehe ilihamia vitongoji vya kaskazini vyenye fedha, Rosebank na kandokando yake, huku wasagaji weusi wa vitongoji vya pembezoni wakibakwa na kuuawa. Kuanzia mwaka 2004 Soweto ilikuwa na maandamano yake, yaliyoandaliwa na FEW, shirika la wasagaji weusi. Kisha Oktoba 2012 wanaharakati wa One in Nine, kampeni ya kupinga ukatili wa kingono dhidi ya wanawake, walilala barabarani Rosebank, wakauzuia msafara na kudai dakika moja ya kimya kwa waliouawa. Baadhi ya waandaaji na washiriki waliwakabili kwa hasira, na mwaka 2013 kamati iliyokuwa ikiandaa sherehe ikavunjwa. Vijitabu vya maadhimisho hupenda kuliruka tukio hili. Wewe kusanya maelezo ya pande zote mbili, uyaandike kwa maneno yao, na uyahusishe na swali la njia: nani aliweza kufika Rosebank kwa daladala, na nani alikuwa jirani tayari.

Mwisho, chora ramani moja yenye misafara ya 1990, 2012 na ile ya Soweto kwa rangi tofauti, kisha uitembee ile ya kwanza na mtu aliyekuwapo. Mnapofika Hillbrow, simameni kwenye makutano ya mitaa ya Pretoria na Twist, yaliyopewa jina la Nkoli mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na umuulize mwenzako ni nani mwingine aliyestahili kukumbukwa hapo.