Somo: Kupakia diski kwenye chenja ya gari bila kuikwamisha

Magari mengi tunayoendesha Uganda yametumika kwanza Japani, na redio zake za zamani zinashika FM ya 76 hadi 90 MHz tu. Stesheni zetu ziko 88 hadi 108, kwa hiyo kinachobaki cha maana kwenye redio ile ni chenja ya diski sita, yaani mashine inayobeba CD sita na kuzibadilisha yenyewe. Ni mashine nzuri, ila haitaki nguvu. Zinazokwama, mara nyingi kosa ni moja kati ya mawili: diski imesukumwa kwa mkono, au ina karatasi iliyobandikwa kwa gundi.

Hatua ya 1: kagua diski

Tumia diski ya duara ya sentimita 12. Ile ndogo ya sentimita 8 usiitie kamwe. Mitambo ya ndani haiwezi kuishika, inabaki humo. Yenye karatasi ya gundi nayo iache: joto la ndani hulegeza gundi, ukingo wa karatasi huinuka, kisha diski inanasa kwenye roli, vile vigurudumu vinavyoivuta. Jina liandike kwa kalamu laini ya wino, upande wa juu.

Vumbi la murram ni mchanga mtupu, kwa hiyo lipulize kabla ya kufuta. Kisha futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni mashine huurekebisha yenyewe. Unaofuata mzunguko hula data nyingi mfululizo, na hapo wimbo unarukaruka. Diski mpya ikiwa na ncha kali ukingoni au kwenye tundu, zisugue kwa ubavu wa kalamu.

Hatua ya 2: chenja ya dashibodi

Weka ufunguo kwenye ACC, pale redio inapowaka bila injini. Bonyeza LOAD mara moja na usitie kitu bado. Chagua namba ya nafasi iliyo tupu, usubiri kimlango kifunguke na redio ionyeshe kwamba iko tayari. Ingiza diski maandishi yakiwa juu, taratibu, hadi uhisi roli zimeivuta. Hapo achia. Ukikawia, kimlango hujifunga, anza upya.

Kujaza zote sita, shikilia LOAD hadi redio ilie. Ingiza ya kwanza, kisha subiri. Utasikia sinia za ndani zikipanda na kushuka, na hapo ndipo watu wanaharibu: wanaona tundu, wanasukuma ya pili kabla ya zamu yake. Diski mbili kwenye nafasi moja maana yake ni kufungua dashibodi.

Hatua ya 3: chenja ya buti

Hii ina kasha. Litoe, vuta sinia moja moja, weka diski moja kila sinia. Upande wa maandishi kuwa juu au chini hutegemea chenja, kwa hiyo soma mchoro ulio kwenye kasha lenyewe. Rudisha kila sinia hadi mwisho. Iliyochomoza kidogo hukwamisha kasha zima. Sukuma kasha kwa kufuata mshale na ufunge mlango, maana vumbi la buti huenda moja kwa moja kwenye lenzi.

Maswali ya wanachama

Fundi, CD niliyochoma mjini inacheza kwenye kompyuta, kwenye gari inatemwa.
Chenja nyingi za zamani hazisomi MP3. Ndugu, mwambie aliyekuchomea aichome kama CD ya muziki, si ya data, na aifunge mwishoni (finalize). Atumie CD-R, ile ya kuandikwa mara moja, kwa sababu CD-RW, ile ya kufutika, huakisi mwanga kidogo sana kwa lenzi za zamani. Utapata dakika 80 tu.

Niko Arua, mchana redio inaandika WAIT na kunyamaza.
Kwenye redio nyingi za Toyota hilo ni joto la ndani. Fungua madirisha, iache ipoe kama nusu saa. ERROR 1 ni diski chafu au iliyogeuzwa. ERROR 3 ni hitilafu ya ndani, jaribu kutoa diski.

Haitoi diski kabisa. Nitumie kisu?
Hapana ssebo (bwana), utakata roli. Chomoa waya hasi wa betri dakika kumi, urudishe, kisha shikilia kitufe cha kutolea. Kabla ya kuchomoa, hakikisha redio haina msimbo wa kufungulia, au uwe nao mkononi. Ikigoma tena, peleka kwa fundi wa redio.

Chenja yangu ya buti nimeinunua soko la Kisekka, Kampala, inaruka hata kwenye lami.
Tazama ubavuni: kuna skrubu mbili za kurekebisha springi, kila moja ina alama ya kulala na ya kusimama. Zote mbili zielekee alama ya jinsi ulivyoifunga chenja. Angalia pia kama zile skrubu za usafirishaji zimeondolewa. Zikibaki, springi hazifanyi kazi.