Jinsi ya kusoma kipimo cha testosteroni, na swali ambalo hakiwezi kulijibu

Nafanya kazi maabara, Mombasa. Mtu akija mwenyewe kuomba kupimwa testosteroni, homoni iliyo nyingi zaidi kwa wanaume, bila kuandikiwa na daktari, mara nyingi ana swali jingine moyoni. Amezaliwa wa kiume lakini hajihisi mwanamume, anadhani homoni zimepungua. Au ni msichana anayejijua kuwa mvulana, anadhani zimezidi. Haya ndiyo ninayowaeleza.

Kwanza saa ya kutoa damu. Testosteroni huwa juu asubuhi kisha hushuka, hasa kwa vijana wa kiume, kwa hiyo njoo kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla hujala. Usije ukiwa na malaria au homa kali, maana ugonjwa huishusha. Kama unameza biotini ya kukuza nywele na kucha, mwambie anayekutoa damu, kwa kuwa huvuruga baadhi ya mashine. Na jibu likitoka chini, rudia asubuhi ya siku nyingine kabla hujaamini.

Ukipewa karatasi, tazama kipimio kabla ya namba. Maabara nyingine huandika nmol/L, nyingine ng/dL, na moja ya kwanza ni kama 29 za pili. Mwenye 15 na mwenye 433 wanaweza kuwa sawa kabisa, na nimeona watu wakilia kwa kutolijua hilo. Kwa mwanamume mzima, kawaida ni takriban 10 hadi 30 nmol/L. Kwa mwanamke, huwa chini ya 2.5. Fuata viwango vilivyochapwa kwenye karatasi yako, kwa sababu mashine hutofautiana, na zilizo nyingi hukosea zaidi kwenye viwango vidogo vya wanawake. Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya homoni hii hubebwa na protini za damu. Iliyo huru ni kama asilimia 2 tu. Unene hupunguza protini inayoibeba, ndiyo maana mtu mnene anaweza kuonekana ana kiasi kidogo bila korodani zake kuwa na tatizo.

Sasa lile swali. Mama mmoja alimleta mwanawe, mtu mzima wa chuo, aliyezaliwa wa kiume na anayesema yeye ni mwanamke. "Daktari, mpime huyu homoni zote, pengine ndizo zilizompoteza." Jibu lilikuwa 19 nmol/L. Nilimkabidhi mwenye damu karatasi yake kwanza, akakubali mama aione. Mama akauliza, basi ugonjwa uko wapi? Nikamwambia, "Mama, sioni ugonjwa hapa. Na mwanao anajijua kuwa nani, damu haisemi. Muulize yeye, umsikilize."

Sikusema hivyo kwa kumfariji. Watu wa transijenda, yaani wasiojihisi kuwa wa jinsia waliyozaliwa nayo, waliopimwa kabla ya kutumia homoni zozote, kwa jumla huwa na viwango vya kawaida vya jinsia waliyozaliwa nayo. Na upande wa pili, wanawake wengi wenye vifuko vingi kwenye ovari wana testosteroni iliyopanda, ndevu zinaota, hedhi inaruka, na bado ni wanawake wasio na shaka yoyote juu ya nafsi zao. Mkimbiaji Caster Semenya wa Afrika Kusini alizuiwa mbio zake kwa kanuni ya mwaka 2019 iliyoweka kikomo cha 5 nmol/L, lakini si transijenda: alizaliwa na kulelewa msichana. Maumbile ya kuzaliwa nayo ni jambo jingine. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja, 1,524, na hao nao usiwachanganye na transijenda.

Kwa hiyo tafadhali, usimchome mtoto wako sindano za testosteroni ukidhani "zitamrudisha". Zitamwongezea ndevu na chunusi, zinaweza kusimamisha utengenezaji wa mbegu, na hazitagusa anavyojijua. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa 2019, liliondoa suala hili kwenye sura ya magonjwa ya akili.

Pale kipimo hiki kinapomfaa sana mtu wa transijenda ni baada ya kuanza tiba chini ya daktari. Hapo saa ya kutoa damu hubadilika: kwa sindano za kila wiki au kila wiki mbili, pima katikati ya dozi moja na nyingine. Anayetumia testosteroni aombe pia kipimo cha wingi wa chembe nyekundu, kila baada ya miezi mitatu hivi mwaka wa kwanza, kwani damu inaweza kuwa nzito mno. Dawa za kununua mtaani bila vipimo hivi zinanitia hofu. Anayetumia tayari aje hata hivyo, amweleze mtaalamu ni dawa gani, kiasi gani, na ya mwisho alichoma lini.