SOMO: Kusoma mkao wa gurudumu la sekunde kwa kapasitansi, bila kuligusa

Wakuu, swali hili nimelijibu vipande vipande hadi vipande vyenyewe vimepotea. Naliweka lote hapa. Wazo ni hili: nusu duara la alumini linazunguka na gurudumu juu ya robo za shaba, na kapasitansi (uwezo wa vipande viwili vya chuma vilivyokaribiana kushika chaji) hubadilika kadiri linavyozifunika. Atakayeuliza kilichokwisha andikwa nitamtajia namba ya hatua tu.

Mashine ya saa ni ETA 6497-1 au nakala yake ya Kichina, ST36. Ni kubwa, kipenyo 36.6 mm, na mhimili wa gurudumu la nne (ndilo la sekunde) umetokeza upande wa uso kubeba mshale mdogo wa sekunde. Kwa hiyo hatufungui daraja (kibamba kinachoshikilia magurudumu) hata moja. 6497-1 hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani 5 kwa sekunde. Gurudumu la nne huzunguka mara moja kwa dakika, hivyo kila pigo ni nyuzi 1.2. Tunataka kuliona kila pigo.

1. Toa mishale na uso.

2. Bodi ya saketi yenye unene wa 0.4 mm, shaba pande mbili, ikae mahali pa uso. Toboa tundu la 1.5 mm kwa mhimili wa sekunde, na uache nafasi ya gurudumu la mshale wa saa. Juu chora robo nne za duara, A, B, C, D kwa mfuatano, kuanzia nusu kipenyo cha 1.5 mm hadi 3.8 mm. Kuzizunguka weka pete nzima ya 4.0 hadi 5.0 mm, iunganishwe na ardhi ya saketi (0 V). Chini ya robo zote iwe shaba nzima, iende pini ya SHLD1 (ngao) ya chipu ya hatua ya 6. Bamba la mashine liende ardhini.

3. Kata nusu duara la alumini ya 0.05 mm, nusu kipenyo 5 mm. Uzito wake ni kama miligramu 5, mashine haitauhisi. Foili ya jikoni haifai, inajikunja.

4. HAPA NDIPO KAZI INAPOHARIBIKA, na mimi niliiharibu hapa hapa. Chukua mshale wa zamani wa sekunde, kata ulimi wake, bakiza kibomba kinachovaa mhimili. Usigundishe alumini moja kwa moja juu ya kibomba. Mhimili wa gurudumu la nne umekaa kwenye rubi, na rubi haipitishi umeme. Njia pekee ya umeme kwenda kwenye bamba ni meno ya magurudumu, na meno hayo mara yanagusana vizuri, mara yanatenganishwa na mafuta au uchafu. Alumini yako itakuwa ardhini sekunde hii, sekunde ijayo inaelea, na usomaji utaruka bila mpangilio. Utalaumu chipu, utabadilisha nyaya, utaandika programu upya, na kosa litabaki pale pale. Dawa ni kuitenga kabisa: weka kipande cha tepu ya poliimidi (isiyopitisha umeme) kati ya kibomba na alumini, kisha gundi ya epoksi, tone dogo sana. Sasa inaelea daima, na ile pete ya nje, ambayo nusu yake hufunikwa muda wote, inaishikilia kwa kapasitansi isiyobadilika. Pima kwa mita kabla ya kufunga: kati ya kibomba na alumini pasiwe na mguso wowote.

5. Bonyeza kibomba hadi pengo kati ya alumini na robo liwe 0.25 mm. Tumia ukanda wa plastiki wa unene huo kama kipimo, kisha uuvute utoke. Tazama kwa lenzi kutoka ubavuni gurudumu likizunguka. Ukingo ukipanda na kushuka, nyoosha.

6. Chipu ya kupima kapasitansi ni FDC1004 ya Texas Instruments, juu ya bodi hiyo hiyo, 3.3 V, kapasita ya 0.1 µF kando yake. Anwani ya I2C (mawasiliano ya nyaya mbili) ni 0x50. Rejista (chumba cha kumbukumbu cha chipu) 0x08 andika 0x1C00, 0x09 andika 0x3C00, 0x0A andika 0x5C00, 0x0B andika 0x7C00, halafu 0x0C andika 0x05F0. Matokeo yako 0x00 hadi 0x07. Soma yenye biti za juu kwanza, unganisha biti 24 zenye alama (chanya au hasi), gawa kwa 524,288, unapata pikofaradi.

7. Hesabu. Robo iliyofunikwa yote hutoa kama 0.2 pF. Nusu duara likizunguka, jozi moja tu ya robo zinazotazamana (A–C au B–D) ndiyo hubadilika kwa wakati. Nyingine imetulia kileleni. Jozi A–C ikiwa inatembea, gawa (A−C) kwa ukubwa wa (B−D). Usiache kugawa. Mhimili una mchezo wa juu na chini wa kama 0.03 mm, na kwenye pengo la 0.25 mm hiyo ni asilimia 12 ya usomaji. Jozi iliyotulia inapanda na kushuka kwa kiasi kile kile, kwa hiyo ukigawa kosa linajifuta. Kila pigo litakuwa ngazi ya femtofaradi 5 hivi (pikofaradi moja ni femtofaradi 1,000). Chipu huona hadi 0.5.

MASWALI

Sado: Mkuu mbona kwangu namba zinaruka tu?

Jibu: Hatua ya 4. Umeweka tepu?

Sado: Sikuweka, nilidhani ni ya hiari.

Jibu: Si ya hiari.

Kijana wa Saketi: Tuma kodi (programu) yote basi, tusipoteze muda.

Jibu: Namba tano za kuandika ziko hatua ya 6. Sioni umekwama wapi.

Kijana wa Saketi: Unajibu kwa hasira, bro.

Jibu: Sina hasira. Sema chipu yako inarudisha nini kwenye rejista 0xFF. Ikiwa si 0x1004, shida ni nyaya, wala si kodi.

Bi Nuru: Casio kwenye Tough Movement wanatumia mwanga unaopita kwenye matundu ya magurudumu. Kwa nini tusifanye hivyo?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Mwanga hukwambia jambo moja tu: matundu yamelingana sasa hivi. Kwa kuhakiki mishale mara moja kwa saa inatosha, na mwanga haujali unyevu. Kapasitansi inakupa mkao kila wakati, hata katikati ya pigo. Kaliperi za dijitali zinasoma kwa kapasitansi pia. Ifungue iliyokufa uone elektrodi zake zilivyopangwa, utajifunza mengi.

Bi Nuru: Na saa ya kwatzi yenye magurudumu ya plastiki?

Jibu: Plastiki peke yake inatoa badiliko dogo mno, bandika foili. Halafu koili ya mota hutuma mshtuko wa milisekunde chache kila sekunde. Soma baada ya mshtuko, kamwe usisome wakati wake.

Mzee Hamadi: Usiku usomaji unapanda polepole, mchana unashuka.

Jibu: Shikamoo mzee. Ni masalio ya flaksi ya solda kati ya robo, yananyonya unyevu. Safisha kwa alkoholi ya isopropili na brashi, kausha kabisa, kisha funika kwa kifuniko cha chuma kilichoenda ardhini. Hata pumzi ya anayechungulia inaonekana kwenye grafu.

Sado: Nimeweka tepu. Ngazi zinaonekana! Ila moja kati ya tano iko nusu.

Jibu: Hongera. A na C hazisomwi kwa pamoja, ziko milisekunde 20 mbali. Pigo likiangukia katikati unapata nusu. Tupa usomaji ulioshikana na mruko. Kila robo unaisoma mara 25 kwa sekunde, zilizobaki zinatosha.

Mzee Hamadi: Alumini ya kopo la soda je?

Jibu: Inafanya kazi, lakini ni nene zaidi, ina rangi na imejipinda. Kwaruza rangi, ilaze kati ya vioo viwili uibane usiku kucha. Na kabla ya kuifunga, gusa kingo zake kwa Rodico (ule udongo laini wa mafundi saa wa kunasa uchafu). Unyoya mmoja wa chuma uliobaki pale unafika kwenye robo na kukurudisha hatua ya 4.