Taa za LED kwenye boda: anza na umeme kwanza, balbu baadae

Usiku ukikaa pembeni ya barabara utaona boda za aina mbili tu. Kuna ile yenye taa ya njano hafifu kama kibatari, inang'aa ukivuta mafuta na kufifia ukiachia, halafu kuna ile iliyofungwa LED ya bei chee inayorusha mwanga juu kwenye miti na kwenye macho ya kila anayekuja mbele, huku mwenyewe shimo lililo mita kumi mbele yake halioni. Zote mbili zinatibika bila hela nyingi, ila lazima ujue pikipiki yako inalisha taa kwa umeme gani, maana LED nyingi zinazokufa mapema haziuliwi na ubovu wa balbu, zinauliwa na umeme zinaopewa.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani fanya jaribio la dakika moja. Washa funguo bila kuwasha injini, washa taa ya mbele. Ikiwaka na mwanga wake ukatulia, taa yako inakula betri, yaani ni DC (umeme ulionyooka), na kazi yako ni rahisi sana. Kama haiwaki mpaka injini ingurume, na ikishawaka inapanda na kushuka na resi, basi inalishwa moja kwa moja na koili ya makneti kwa AC (umeme wa mawimbi, unaogeuka mbele na nyuma), betri haihusiki kabisa. Pikipiki nyingi ndogo za kiki na stata zimeundwa hivyo ili betri ibaki na kazi ya honi, indiketa na stata tu. Usimuulize fundi wa kijiweni, utapewa majibu matatu tofauti, jaribu mwenyewe.

Halafu chukua multimita, ile ya kawaida ya dijitali inatosha, ipime betri injini ikiwa kwenye resi ya kati. Ukisoma volti 13.8 mpaka 14.8 uko salama. Ukisoma zaidi ya 15 ujue rektifaya (kile kifaa kinachonyoosha na kudhibiti umeme wa chaji) imechoka, na kama umekuwa ukinunua balbu kila mara zinaungua basi sababu ndo hiyo, LED utakayofunga nayo itakufa tu. Badilisha rektifaya kwanza. Ukisoma chini ya 13 kuna tatizo la chaji au ethi imelegea, yaani ule waya wa hasi ya betri unaofungwa kwenye chasisi, kagua boliti yake, mara nyingi ina kutu na matope, isugue kwa msasa mpaka chuma king'ae.

Sasa balbu. Boda nyingi za 125 na 150 zinakuja na halogeni, yaani balbu ya nyuzi, ya wati 35/35, yaani karibu ampia 3 kwa volti 12. LED nzuri ya wati 12 inakula ampia 1 tu. Lakini usidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye boksi, utakuta kadude kadogo kama kidole kimeandikwa wati 80, hiyo haiwezekani, kangekuwa kweli kanakula wati 80 kangeyeyuka kenyewe. Angalia vitu vitatu. Kwanza kitako, kama yako ni ya masikio matatu (H4) au ya pini mbili za pembeni (BA20d), toa ya zamani uende nayo dukani. Pili volti, chukua iliyoandikwa inapokea kuanzia 9 mpaka 30 na kitu, sio iliyoandikwa 12 peke yake. Tatu, na hili watu wengi hawaliangalii, vile vichipu vya njano vinavyotoa mwanga viwe mahali pale pale ilipokuwa nyuzi ya halogeni. Weka balbu mbili sambamba ulinganishe kwa macho. Kioo cha nyuma ya taa kimechongwa kwa ajili ya mwanga unaotoka nukta ile, ukisogea milimita chache mwanga unatawanyika hovyo. Na ukishaifunga, vichipu vitazame kushoto na kulia, visitazame juu na chini.

Kama taa yako ni DC basi chomeka, ruka moja kwa moja kwenye kupima mwanga ukutani. Kama ni AC una njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuhamishia taa kwenye betri. Halogeni huwezi kufanya hivi kwa sababu koili ya chaji ni ndogo, ukitembea usiku kucha betri itaisha, ila LED ya wati 12 inavumilika. Tafuta waya unaoleta AC kwenye swichi ya taa (rangi zinatofautiana, thibitisha na mita), ukate, ncha ya upande wa koili uifunge vizuri isiguse kitu chochote, halafu ile ncha inayoingia kwenye swichi uipe umeme wa DC unaotokea kwenye funguo, ule ule unaolisha honi. Weka fyuzi ya ampia 3 au 5 kati yake, usiache. Mara nyingi taa ya nyuma na vitaa vya dashibodi vinakuja huko huko kwenye betri, kwa hiyo navyo uvibadilishe kuwa LED ili mzigo usizidi. Ukimaliza washa kila kitu, resi ya kutembea, pima betri, ikibaki juu ya 13 umefaulu.

Njia ya pili ni ya wale ambao betri yao imekufa au hawaitaki kabisa, wanapiga kiki tu. Hapa unanyoosha AC iwe DC wewe mwenyewe. Nunua ile dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya brigi, ya mraba yenye miguu minne, KBPC3510 inapatikana kirahisi, pamoja na kapasita ya maikrofaradi 4700 ya volti 50, hiyo inatunza umeme kidogo ili mwanga utulie. Miguu miwili ya brigi ina alama ya wimbi, huko ndo AC inaingia: mmoja unapokea waya unaotoka kwenye swichi ya kuwashia taa, wa pili unakwenda chasisi. Mguu wa jumlisha (+, chanya) unakwenda swichi ya fulu na dimu. Mguu wa kutoa (−, hasi) unarudi kwenye balbu kwa waya wake peke yake. Hapo sikiliza vizuri: huo waya wa kutoa USIGUSE CHASISI. Koili yenyewe tayari ncha yake moja iko chasisi, ukiunga na hasi ya brigi hapo hapo, kila nusu ya wimbi koili inapigwa shoti kupitia dayodi moja, na kitakachoungua ni dayodi au koili, na koili ni kufungua injini ubavuni. Kwa hiyo ule waya wa ethi uliokuwa kwenye soketi ya taa unaukata, unaupeleka kwenye brigi. Kapasita unaiunga kwenye jumlisha na kutoa za brigi, ukizingatia mstari wa alama ya kutoa, ikigeuzwa inapasuka. Usishangae ukipima ukapata volti 17 au zaidi, AC ikishanyooshwa na kapasita inapanda mpaka kilele cha wimbi, ndo maana nikasema balbu iwe inapokea mpaka 30.

Kupima mwanga: paki mita 5 kutoka ukutani sehemu tambarare, upepo wa tairi uwe sawa, na wewe ukae juu yake pamoja na abiria. Abiria ni lazima, maana shoki za nyuma zikishuka taa ya mbele inapanda, na boda muda mwingi ina mtu nyuma. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, chora mstari ukutani kwa chaki kwa kimo hicho. Ukiweka dimu, ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya mstari kwa sentimita 5 mpaka 8. Kama hakuna ukingo kabisa, ni duara tu la mwanga linalojaa ukuta mzima, hiyo balbu irudishe dukani hata kama inang'aa vipi.

Sasa tuje nyuma, ambako mimi naona ndo kwenye faida kubwa na watu hawapajali. Balbu ya nyuma ni ya wati 5 kwa taa na 21 kwa breki, na kwa mtikisiko wa barabara zetu nyuzi zake zinakatika kila leo, unatembea bila breki laiti na hujui mpaka lori likukaribie. Hii tengeneza mwenyewe. Unahitaji LED nyekundu 24 za milimita 5 zile zenye mwanga mkali, rezista (vipunguza umeme) 6 za omu 330 (mistari ya rangi chungwa, chungwa, kahawia), rezista moja ya omu 220 ya nusu wati, dayodi mbili za 1N4007, na kipande cha bodi yenye matundu ukikate kitoshe ndani ya kava la taa. Kwa maduka ya Kariakoo au pale Luthuli kwa wa Nairobi hivi vyote unavipata kwenye duka moja.

Hesabu yake iko hivi. LED nyekundu moja inakula kama volti 2, kwa hiyo nne kwa mstari ni volti 8. Chaji ikiwa 14.4 toa 0.7 ya dayodi, toa 8, inabaki 5.7, gawanya kwa 330 unapata miliampia 17 hivi, chini ya 20 ambayo ndo kikomo cha kawaida. Utashawishika uweke tano kwa safu ili usipoteze umeme kwenye rezista, usifanye, maana siku chaji ikishuka kwenye 12 safu ya tano inafifia sana, ya nne inaendelea kudunda.

Panga safu sita. Mguu mrefu wa LED ndo chanya, na ule upande uliokatwa bapa kwenye ukingo ni hasi, unaunga hasi ya ya kwanza na chanya ya ya pili mpaka zifike nne, mwanzoni mwa kila safu rezista ya 330. Vichwa vyote sita vya rezista unaviunga pamoja, hiyo tuite chanya ya pamoja, na mikia yote sita inakwenda ethi. Kisha waya wa breki unapita kwenye dayodi moja, ule mstari wa fedha utazame kwenye LED, unaingia chanya ya pamoja. Waya wa taa ya usiku unapita dayodi ya pili, halafu rezista ya 220, halafu chanya ya pamoja. Basi. Ukiwasha taa zinawaka kwa miliampia 4 tu kila safu, wekundu wa kutosha kuonekana, ukikanyaga breki zinaruka mpaka 17 na hata mtu anayesinzia ataona tofauti. Breki nzima inakula karibu wati moja na nusu badala ya 21. Kama taa ya usiku ya nyuma imebaki kwenye AC, dayodi itapitisha nusu ya wimbi, ukiona inapepesa ongeza kapasita ya maikrofaradi 470 ya volti 50 kati ya chanya ya pamoja na ethi.

Wakati wa kuchomelea usikalie mguu wa LED na pasi muda mrefu, sekunde mbili tatu risasi ikishaenea toa. Jaribu juu ya meza na betri kabla hujafunga. Safu moja isipowaka, kuna LED umeigeuza, sio lazima imeungua.

Indiketa ukibadilisha kuwa LED zitapiga haraka haraka au hazitapiga kabisa, kwa sababu flasha ya zamani (kile kifaa kinachopigisha indiketa) inategemea mzigo wa balbu. Nunua flasha ya elektroniki ya LED, iko ya miguu miwili, uchomeke. Watu wengine wanaongeza rezista za mzigo, zinapata moto na zinakula umeme ule ule uliotaka kuuokoa, sioni maana. Ila kuna kituko kingine: unawasha kushoto zinawaka zote nne. Hiyo ni kwa sababu dashibodi ina kitaa kimoja cha indiketa kilichoungwa kati ya kushoto na kulia, na umeme kidogo unaopita humo unatosha kuwasha LED. Dawa ni 1N4007 mbili: moja kutoka waya wa kushoto, nyingine kutoka wa kulia, mistari ya fedha ikutane kwenye upande mmoja wa kitaa, upande wa pili wa kitaa uuweke ethi.

Spoti laiti za pembeni ukitaka, ziwe na relei (swichi inayowashwa kwa umeme kidogo), usizipitishe kwenye swichi ya boda. Mguu 30 betri kupitia fyuzi, 87 kwenye spoti, 86 waya wa swichi, 85 ethi. Na zizime ukikutana na watu. Vimulimuli vya bluu na nyekundu mbele waachie polisi na ambulensi, nyuma ni nyekundu, mbele ni nyeupe au ya manjano.

Mwisho kabla hujarudisha kava, kila kiungo kichomelewe kwa risasi, kusokota na tepu nyeusi mvua za masika zitakifungua. Paka silikoni nyuma ya bodi ya taa ya nyuma, ila feni ya balbu ya mbele usiizibe, ikikosa hewa inakufa. Waya zinazopita shingoni pa usukani ziachie nafasi, halafu washa injini na taa zote, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, mara kadhaa. Taa ikicheza hata kidogo, waya umebana hapo shingoni, fungua uupange upya.