SOMO: Chai ya kijani ya Kichina, tangu kuinunua mpaka kuinywa

Wakuu, salaam.

Mwezi huu peke yake watu kumi na moja wamenifuata inboksi na swali moja: "Mbona chai yangu ya kijani chungu kama mwarobaini?" Naandika hapa mara moja ili nisirudie tena. Nilikaa Hangzhou, China, miaka minne kwa masomo, na chai hii niliipenda kule kabla hata sijaizoea lugha yao. Inaniuma mtu anapotoa hela yake nzuri, akaitokotesha na tangawizi kama majani ya Mufindi, halafu akasema Wachina hawajui chai.

Jambo la kwanza kuelewa: mmea ni uleule wa chai nyeusi. Tofauti ni kwamba jani la chai ya kijani, baada ya kuchumwa na kuanikwa kidogo, hupigwa moto mapema ili lisigeuke jeusi. Wajapani hulipiga kwa mvuke. Wachina wengi hulikaanga kwenye karai, na ndiyo maana chai yao ina ile harufu ya kitu kilichokaangwa.

Hatua ya 1: Chagua aina. Anza na Longjing (jani bapa, laini, linatoka mkoa wa Zhejiang), Biluochun (limejikunja kama konokono na lina manyoya meupe, linatoka Dongting karibu na Suzhou), au Huangshan Maofeng ya Anhui. Mwenye kupenda chai kali achukue zhucha, ile iliyoviringwa vidonge vidogo kama risasi za gobori. Ni ya bei nafuu na haichagui maji sana.

Hatua ya 2: Kununua. Kwenye mfuko tafuta maandishi 绿茶, ndiyo "chai ya kijani". Kisha tafuta 生产日期, tarehe ya kutengenezwa. Kama tarehe haipo, rudisha mfuko rafuni. Mifuko mingi itakuambia chai inadumu miezi 18. Haitakudhuru, lakini ladha ya chai ya kijani inaanza kuondoka mapema mno kabla ya hapo. Mimi sinunui iliyozidi mwaka.

Msimu ni kila kitu. Chai bora huchumwa majira ya kuchipua, Machi na Aprili. Mche umelala baridi nzima, machipukizi yanatoka polepole, na yamejaa theanini, ambayo ndiyo inaleta utamu ule wa kubaki ulimini. Likija jua la kiangazi jani linakua mbio, linaongeza vile vitu vya ukakasi, utamu unapungua. Iliyochumwa kabla ya Qingming, siku yao ya kuzuru makaburi inayoangukia tarehe 4 au 5 Aprili, huitwa mingqian, na ndiyo ghali kupita zote. Iliyochumwa baada ya hapo mpaka tarehe 20 Aprili hivi huitwa yuqian. Ushauri wangu kwa mwenye mfuko wa kawaida: nunua yuqian. Ina nguvu zaidi kwenye maji, inastahimili kuongezwa, na bei inashuka sana.

Kuhusu Longjing muwe macho. Kwa sheria yao jina hilo ni la chai ya Zhejiang tu, na "Xihu Longjing" ni ya eneo la kilomita za mraba 168 kuzunguka ziwa la Hangzhou. Dunia nzima inaitaka, eneo halitanuki. Kwa hiyo anayekuuzia "Xihu Longjing halisi" kwa bei ya sukari anakuuzia jani bapa la mahali pengine. Linaweza kuwa jani zuri tu, ila ulipe bei yake, usilipe bei ya jina. Na mjue kule bei hutajwa kwa jin, yaani gramu 500. Liang moja ni gramu 50, na hiyo inatosha kujaribu.

Hatua ya 3: Kagua. Chukua jani moja, lisage kati ya kidole gumba na cha shahada. Likivunjika likawa unga, ni kavu. Likipinda, limeshakula unyevu. Usinunue.

Hatua ya 4: Kuhifadhi. Hapa ndipo nilipoharibu, someni polepole. Mwaka 2018 nilirudi Dar na gramu 250 za mingqian kutoka kijiji cha Meijiawu. Nilinunua kwa mzee mwenyewe, nikiwa nimesimama pembeni yake namtazama akiyabana majani kwenye karai la moto kwa kiganja kitupu, anayasukuma, anayainua, anayaachia, bila kutazama saa. Nyumbani nikayatia kwenye kopo zuri la bati, kopo nikaliweka kwenye friji, kwa kuwa nilishaambiwa chai ya kijani inapenda baridi. Kila asubuhi nalitoa, nalifungua palepale, nachota, narudisha. Wiki ya tatu majani yalikuwa na rangi ya nyasi za Agosti. Nililikunja jani moja, likapinda kama ngozi ya kiatu. Nilipomimina maji, glasi ikanuka vitunguu na samaki wa jana.

Baridi haikuwa na kosa. Kosa ni kufungua kopo likiwa bado la baridi. Hewa ya Dar ni nzito kwa unyevu, na ikigusa kitu cha baridi inatoa maji, kama chupa ya soda inavyotoka jasho mezani. Mimi nilikuwa nayalowesha majani yangu kila siku asubuhi. Kifuniko cha kopo nacho kilikuwa kinapitisha harufu, na majani ya chai yananyonya harufu kuliko sifongo inavyonyonya maji. Kwa hiyo:

– Siku ileile unayoleta chai nyumbani, igawe kwenye vifuko vya foili vya gramu 25 hadi 50. Toa hewa, ziba kabisa.
– Vifuko vyote viingie ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana, ndipo friji.
– Kifuko kikitoka friji KISIFUNGULIWE mpaka kimepata joto la chumbani. Mimi natoa usiku, nafungua asubuhi.
– Kikishafunguliwa hakirudi friji. Kaa nacho kabatini, penye giza, mbali na jiko na viungo, ukimalize ndani ya wiki tatu.
– Chupa ya kioo ya kupamba rafu si mahali pa chai. Mwanga nao unaiua.

Hatua ya 5: Maji. Uchungu mnaoulalamikia uko hapa. Kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo ukakasi na kafeini vinavyotoka kwa wingi na haraka. Jani changa linataka nyuzi 80 hivi. Biluochun hata 75. Zhucha inakubali 90.

Huna kipima joto? Chukua vikombe vitatu vya maji yanayotokota, ongeza kikombe kimoja cha maji ya kunywa ya kawaida. Kwa joto la Dar unapata kama nyuzi 82, na glasi itameza kidogo. Au fanya kama wazee wa kule, tazama mapovu: kwanza yanakuja madogo kama macho ya kamba, kisha macho ya kaa, kisha macho ya samaki. Kwenye macho ya kaa epua. Na maji ya kisima yenye chumvichumvi hayafai, chai itakuwa na rangi ya kutu na ladha ya udongo.

Hatua ya 6: Gramu 3 kwa glasi ya mililita 200. Usipime kwa kijiko, Maofeng ni jepesi na zhucha ni nzito.

Hatua ya 7: Glasi ndefu, safi, isiyonuka sabuni.

Hatua ya 8: Kumimina. Longjing: tia majani, mimina maji robo ya glasi, zungusha taratibu mpaka harufu iamke, kisha jaza. Biluochun ni kinyume: maji kwanza, majani juu, uyaache yazame yenyewe. Dakika mbili, anza kunywa. Usinywe ukamaliza! Ikibaki theluthi moja, ongeza maji. Theluthi ile ndiyo mbegu ya glasi inayofuata. Inakubali mara tatu.

Maswali karibuni.

---

Kibwana_Tanga: Mkuu asante kwa somo. Naomba kujua maji yawe ya moto kiasi gani?

Jibu: Hatua ya 5.

Dullah_Mbagala: Kilo unauza bei gani?

Jibu: Siuzi chai.

Neema_M: Mimi natumia ya kupunguza tumbo, imeandikwa ya Kichina, naenda chooni mara nne kwa siku. Niongeze au nipunguze majani?

Jibu: Dada, hiyo siyo niliyoandika hapa. Chai nyingi za "kupunguza tumbo" zimewekwa sanamaki, dawa ya kuharisha. Unachopoteza ni maji ya mwili. Acha kuitumia, na kama tumbo halitulii muone daktari. Chai ya kijani halisi ina kitu kimoja tu ndani ya mfuko: majani ya chai.

Mbena_Njombe: Huku kwetu baridi, na nasikia milimani maji yanachemka mapema. Hesabu yako ya vikombe vitatu kwa kimoja bado inasimama?

Jibu: Swali zuri sana hili, mkuu. Haisimami. Njombe mko karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji yanatokota kwenye nyuzi 93 hivi. Na maji yenu ya mtungini asubuhi pengine ni nyuzi 15. Ukifuata hesabu ya Dar utaangukia 74, Longjing itakuwa imezubaa. Kwako vikombe vinne kwa kimoja, utapata 77 au 78, na uipashe glasi kwanza. Kwa zhucha usichanganye kitu, mimina yanayotokota moja kwa moja.

Chelagat: Sisi Kericho tuna chai kila kona. Kwa nini mtu aagize China badala ya kunywa green ya hapa nyumbani?

Jibu: Kunywa ya nyumbani, dada, wala sikukatazi. Viko viwanda Kenya na Tanzania vinavyotengeneza ya kijani, na Kenya mna hata ule mche wa majani ya zambarau, TRFK 306. Ila ujue utofauti. Miche yetu mingi ni ya jamii ya Assam, jani kubwa lenye ukakasi mwingi kwa asili, na ndilo linatupa chai nyeusi inayohimili maziwa. Longjing na Biluochun ni mche wa jani dogo. Halafu sehemu kubwa ya viwanda vyetu vimejengwa kukata jani vipandevipande, na jani lililokatwa linatoa kila kitu kwa mkupuo. Ukipata ya Kericho yenye jani zima, ipe nyuzi 75 na dakika moja tu. Ukiijaribu uje utuambie.

Mhandisi_wa_Chai: Hapa unawapotosha watu. Wapimaji wa chai China wanatumia maji yanayotokota, gramu 3, dakika nne. Nimeona kwa macho yangu.

Jibu: Umeona kweli, na kipimo chao ni mililita 150. Lakini mpimaji hatafuti raha, anatafuta kasoro. Maji yanayotokota yanalifichua jani: kama lilichumwa vibaya au liliungua karaini, linasema lote. Wakimaliza kupima hawamezi kikombe kile kwa kujiburudisha. Ukitaka kujua kama umeuziwa jani zuri, lipime hivyo mara moja. Jani zuri litakuwa kali, ila halitanuka moshi wala uvundo. Asante kwa kulileta, lilistahili kuwemo kwenye somo.

Mama Nasra: Mwanangu, mkwe wangu ni mjamzito na anaipenda hii chai. Kuna neno?

Jibu: Shikamoo mama. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mboga na nafaka, na ina kafeini. Asinywe pamoja na chakula wala na vile vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, aache saa moja au mbili zipite. Kiasi gani kwa siku, awaulize kliniki, wao ndio wanajua damu yake ikoje.

Dullah_Mbagala: Sasa kama huuzi si ungesema mwanzo. Na sukari je?

Jibu: Hakuna mahali niliposema nauza. Sukari kwenye Longjing hapana. Unayetaka sukari chukua zhucha, chemsha na mnanaa mwingi, tia sukari. Wamoroko ndivyo wanavyokunywa chai hiyohiyo ya China kila siku, na ni tamu kwelikweli.

Salma_Mombasa: Kwa joto la huku sipati hamu ya chai ya moto. Ya barafu inawezekana?

Jibu: Inawezekana tena inasamehe makosa. Gramu 5 kwa lita moja ya maji ya kunywa ya baridi, friji usiku kucha, asubuhi chuja. Ukakasi hautoki sana kwenye baridi, utamu unatoka. Hata jani la bei ndogo linakuwa na adabu. Imalize siku hiyohiyo.

Mzee_Kopo: Vile vifuko vidogo vya "usile" vinavyokuja ndani ya viatu, niweke kwenye kopo la chai?

Jibu: Vya viatu hapana mzee wangu, vinanuka gundi. Nunua vipya vya chakula. Hangzhou zamani walitumia chokaa isiyozimwa: wanaifunga kwenye kitambaa, wanaiweka chini ya mtungi, vifurushi vya Longjing vinapangwa juu yake. Inanyonya unyevu na kuondoa harufu ya karai. Lakini chokaa ile ikipata maji inachemka na kuunguza, msijaribu kwenye nyumba yenye watoto.

Salma_Mombasa: Majani yaliyobaki chini ya glasi nayatupa?

Jibu: Ya Longjing yatafune, ni laini kama mchicha mchanga. Na kwa kuwa uko Mombasa, nikupe kitu cha ziada. Hangzhou wana chakula kinaitwa Longjing xiaren, kamba kwa chai. Menya kamba wadogo, wapake ute wa yai na wanga wa mahindi (cornflour, siyo unga wa ugali) na chumvi kidogo, waache friji nusu saa. Loweka gramu 2 za Longjing mpya, siyo zilizokwisha kunyweka, kwenye maji kidogo kwa dakika moja. Kamba wapite kwenye mafuta ya moto kiasi mpaka wageuke weupe na kujikunja, chuja mafuta. Warudishe karaini, mwagia chai pamoja na majani yake, geuza mara tatu, epua. Usitie kitunguu saumu wala pilipili, utaiua chai.

Salma_Mombasa: Kamba wanashuka hapa Ijumaa asubuhi. Nitakuletea jibu.